Maisha ya Bibi Rosalind Franklin, Aliyeonyesha Mahali Ulipo Uzi wa Kirusi

Mhariri wa gazeti letu ameniomba niandike habari za mtu mashuhuri aliyekwisha kufa zamani, ambaye maisha yake yaweza kutufaa sisi wanafunzi. Wenzangu wamekwisha kuandika habari za wafalme, wasafiri na wapigania uhuru. Mimi nimemchagua mwanamke wa Kiingereza, Bibi Rosalind Franklin, aliyefariki dunia mwaka 1958 akiwa na umri wa miaka 37 tu. Huenda wasomaji wengine watashangaa kwa nini kijana wa Muheza awaache watu wa kwao akamchague mgeni wa mbali. Sababu yenyewe ni mihogo ya babu yangu, nami naomba nianze na hiyo.

Katika likizo ya Desemba nilikwenda kwa babu, chini ya milima ya Usambara, kumsaidia kung'oa mihogo. Ilikuwa mihogo ya kupendeza machoni, mashina marefu na majani mabichi, ila majani ya chini yalikuwa na rangi ya manjano kandokando ya mishipa yake, nasi tulidhani ni uzee tu. Tulipong'oa na kukata, ndani tulikuta madoa ya kahawia, makavu na magumu kama kizibo cha chupa. Shina la pili lilikuwa vivyo hivyo, na la tatu pia. Siku ile tulitupa zaidi ya nusu ya mihogo tuliyong'oa, na hiyo ndiyo iliyokuwa akiba ya nyumba mpaka mvua za masika. Babu kwanza aliulaumu udongo, kisha akayalaumu macho ya wapita njia, na mwisho akanitazama mimi, kwa kuwa ndimi niliyevipanda vipando vile mwaka uliotangulia. Sikuwa na la kujibu.

Niliporudi shuleni nilimweleza mwalimu wetu wa Bayolojia. Alinifahamisha ya kuwa ugonjwa ule huitwa michirizi kahawia, nao huletwa na virusi. Na kwamba mtu wa kwanza kuueleza kitaalamu alikuwa Bwana H. H. Storey, mwaka 1936, akifanya kazi katika kituo cha utafiti cha Amani, yaani kule kule mlimani juu ya shamba la babu. Nilishangaa sana. Nikamwuliza kirusi ni mdudu wa namna gani. Alicheka akanieleza kwamba si mdudu hata kidogo, kisha akanipa kitabu cha maisha ya Bibi Franklin, akanitaka nikisome kwanza ndipo nirudi na maswali. Haya niandikayo ndiyo niliyoyapata humo, pamoja na maelezo ya mwalimu.

Rosalind Franklin alizaliwa mjini London tarehe 25 Julai, 1920, akiwa mtoto wa pili kati ya watoto watano. Wazazi wake walikuwa Wayahudi wenye uwezo. Baba yake, Bwana Ellis Franklin, alifanya kazi ya benki mchana, na jioni alikwenda kufundisha katika chuo cha wafanyakazi. Binti huyu alisoma katika shule ya wasichana ya St Paul's, ambayo ilikuwa moja kati ya shule chache za siku zile zilizowafundisha wasichana fizikia na kemia kwa dhati. Mwaka 1938 aliingia Chuo Kikuu cha Cambridge, katika chuo cha wanawake kiitwacho Newnham, akamaliza masomo yake mwaka 1941. Wasichana wa shule yetu watapenda kujua kwamba wakati ule wanawake wa Cambridge walifanya mtihani ule ule walioufanya wanaume, walakini hawakupewa shahada kamili. Haki hiyo hawakuipata mpaka mwaka 1948.

Wakati huo dunia ilikuwa vitani. Bibi Franklin alipewa kazi ya kuchunguza makaa ya mawe, na zaidi ya hayo alijitolea kuwa mlinzi wa raia wakati wa mashambulizi ya ndege. Watu wengine wangeona kwamba makaa ni kitu cha kutia motoni tu, lakini yeye aliyapima kwa uangalifu akagundua kwamba yana matundu madogo mno, na kwamba matundu hayo hufanya kazi kama chekeche: huipitisha hewa ya aina moja na kuizuia ya aina nyingine. Kwa kazi hiyo alipata shahada ya udaktari mwaka 1945.

Mwaka 1947 alikwenda Paris, Ufaransa, na huko alijifunza ufundi uliomfanya ajulikane baadaye, yaani kupiga picha kwa miali ya eksirei. Picha hizi si kama zile za mifupa tunazopigwa hospitali. Ukitaka kuelewa, kumbuka mawimbi ya bahari yanavyopita katikati ya nguzo za gati. Kila nguzo huyavunja mawimbi, nayo yakikutana upande wa pili huchora mistari ya namna fulani juu ya maji. Mtu mwenye akili, hata asipoziona nguzo, aweza kuitazama mistari ile akapiga hesabu na kujua nguzo zimepangwaje. Ndivyo ilivyo kwa eksirei. Miali hupita katikati ya chembe ndogo zilizopangika vizuri, hutawanyika, na kuacha madoa kwenye filamu. Aliye hodari wa hesabu huyasoma madoa hayo. Bibi Franklin alikuwa hodari kwa mikono, maana picha hizo zataka subira nyingi, na hodari kwa hesabu pia.

Mwaka 1951 alirudi London, katika chuo cha King's, akapewa kazi ya kuchunguza DNA. Wasomaji wa vidato vya chini wajue kwamba DNA ni maandishi ya asili yakaayo ndani ya kiini cha seli, yenye maagizo yote ya kukijenga kiumbe. Yeye pamoja na mwanafunzi wake, Bwana Raymond Gosling, walipata picha safi kuliko zote zilizopata kupigwa. Mmoja wapo, uliopigwa Mei 1952, ulionyesha dhahiri kwamba DNA imejisokota kama ngazi ya mzunguko. Lakini yeye na mwenzake wa kazi, Bwana Maurice Wilkins, hawakuelewana tangu mwanzo. Januari 1953 Bwana Wilkins alimwonyesha Bwana James Watson picha ile bila ya Bibi Franklin kujua. Bwana Watson na Bwana Francis Crick wa Cambridge wakaunda mfano wa DNA ambao dunia nzima inaujua, wakautangaza Aprili 1953. Mwaka 1962 mabwana hao watatu walipewa Tuzo ya Nobel. Bibi Franklin alikuwa amekwisha kufa miaka minne, na tuzo hiyo haipewi marehemu.

Nilipofika hapo kitabuni nilikasirika, nikataka kuacha kusoma. Nilidhani habari imekwisha, na kwamba maisha yake yalikuwa maisha ya mtu aliyedhulumiwa basi. Mwalimu akaniambia niendelee, kwa kuwa sehemu inayohusu mihogo ya babu ilikuwa bado.

Alipoondoka King's mwezi Machi 1953, mkuu wake alimtaka aiache kabisa kazi ya DNA. Akahamia chuo cha Birkbeck, mjini London vile vile, chini ya Profesa J. D. Bernal. Mahali penyewe hapakuwa pazuri. Palikuwa ni nyumba za kuishi za zamani. Mitambo ya eksirei iliwekwa chini kabisa, na chumba chake kilikuwa juu kabisa. Huko alianza kazi mpya, kuchunguza kirusi cha batobato la tumbaku. Kirusi hicho kilikuwa na historia. Mwaka 1892 Mrusi mmoja, Bwana Dmitri Ivanovsky, alionyesha kwamba utomvu wa tumbaku yenye ugonjwa, hata ukichujwa kwa chujio lisilopitisha bakteria, bado huambukiza. Mwaka 1898 Mholanzi, Bwana Martinus Beijerinck, alisema kwamba kinachoambukiza si bakteria bali ni kitu cha namna nyingine, akakiita virusi. Baadaye ilijulikana kwamba kitu hicho kina protini nyingi, na ndani yake asidi kidogo iitwayo RNA, ambayo ni ndugu wa DNA. RNA hiyo ni sehemu kama 5 au 6 tu katika kila sehemu 100 za uzito wake. Lakini hakuna aliyejua vitu hivi viwili vimepangwaje pamoja.

Bibi Franklin aliliandama swali hilo kwa miaka mitano. Kwanza alitangaza, mwaka 1955, kwamba vijiti vya kirusi hicho vyote vina urefu mmoja. Ukiigawa milimita moja katika sehemu milioni moja, basi urefu wa kijiti ni sehemu 300, na unene wake ni sehemu 18. Bwana N. W. Pirie, aliyekuwa bingwa wa siku nyingi katika elimu ya virusi, alimpinga kwa ukali. Lakini vipimo vya Bibi Franklin ndivyo vilivyothibitika. Kisha alionyesha, pamoja na wenzake, kwamba protini za kirusi zimepangwa kwa mzunguko kama punje za hindi lililosokotwa, punje 49 katika kila mizunguko mitatu, na kwamba katikati pana tundu lililo wazi tangu mwanzo hadi mwisho.

Na ile RNA iko wapi? Watu wengine walidhani imelala ndani ya tundu la katikati, kama utambi ndani ya mshumaa. Bibi Franklin alipiga picha za namna mbili: picha za kirusi kamili, na picha za vijiti vilivyojengwa kwa protini peke yake bila RNA. Akazilinganisha. Penye tofauti ndipo palipo na RNA. Mwaka 1956 alitangaza kwamba RNA ni uzi uliozunguka pamoja na protini, umefukiwa katikati yake, sehemu 4 kutoka kwenye kiini cha kijiti. Na lile tundu ni tupu. Mwaka huo huo wataalamu wa Ujerumani na wa Marekani walionyesha kwamba RNA hiyo ikitolewa gandani na kupakwa peke yake juu ya jani la tumbaku, jani hupata ugonjwa, na ndani yake huzaliwa virusi kamili vyenye maganda yao. Hapo ikawa dhahiri kwamba ganda ni bahasha tu, na uzi ndio barua. Bibi Franklin alikuwa ameonyesha jinsi barua ilivyokunjwa ndani ya bahasha.

Mwalimu aliniomba nilifikirie jambo hili kwa makini, maana ndiyo siri yote ya kirusi. Kirusi hakili, hakipumui, wala hakizai kwa nguvu zake chenyewe. Ni agizo lililoandikwa kwa herufi za kemikali, herufi 6,400 hivi kwa kile cha tumbaku. Seli ya mmea ina desturi ya kufanya kazi kwa maagizo. DNA iliyo ndani ya kiini hutoa nakala za RNA, na nakala hizo hupelekwa kwa mafundi wa seli, ambao huzisoma na kutengeneza protini. Basi jani likipata jeraha dogo, kirusi huingia, na ganda lake huanza kuvuka. Mafundi wa seli huukuta uzi wa RNA, wakaudhani ni agizo la nyumbani, wakausoma. Hawana njia ya kujua kwamba wanaandika kwa ajili ya adui.

Kitu cha kwanza wanachokitengeneza ni kimeng'enya cha kunakili. Kimeng'enya hicho huushika uzi wa kirusi, kikatengeneza uzi mwingine ulio kinyume chake, kama muhuri wa mpira wa ofisi ambao herufi zake zimegeuzwa. Muhuri ukisha kupatikana, kazi iliyobaki ni kugonga tu. Kutoka kwenye uzi mmoja wa kinyume hutoka nyuzi nyingi zilizo sawa na ule wa kwanza. Baadhi yake husomwa tena ili zitoke protini zaidi: nyingine za kujenga maganda, na moja ya kupanua njia nyembamba zilizopo kati ya seli na seli ili ugonjwa upite. Nyuzi nyingine huvikwa maganda mapya. Hivyo ndivyo agizo moja liwezavyo kulijaza jani zima.

Bibi Franklin hakuishi akaona yote hayo yakielezwa. Katikati ya mwaka 1956, akiwa safarini Marekani, aliona tumbo lake limeanza kuvimba. Aliporudi Uingereza alifanyiwa upasuaji, ikajulikana kwamba ana saratani ya mifuko ya mayai. Mtu mwingine angeiacha kazi. Yeye alirudi maabara kila alipopata nafuu. Kikundi chake kilichapisha taarifa 7 mwaka 1956, na nyingine 6 mwaka 1957. Tena alianza kuchunguza kirusi cha polio, ambacho nacho uzi wake ni wa RNA, na ambacho wakati ule kililemaza watoto wengi duniani. Alifariki London tarehe 16 Aprili, 1958. Kesho yake, tarehe 17 Aprili, yalifunguliwa maonyesho makubwa ya dunia mjini Brussels, na ndani yake ulisimama mfano wa kirusi cha tumbaku, kimo chake futi 5, ambao yeye alikuwa ameombwa kuutengeneza. Katika vifaa vyake mlikuwamo mipira ya mchezo wa meza na mipira ya kushikia usukani wa baiskeli. Wenzake, Bwana Aaron Klug na Bwana John Finch, waliimaliza kazi ya polio mwaka 1959, wakaiandika kwa kumbukumbu yake. Bwana Klug alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1982.

Kaburi lake liko London. Jiwe lake halitaji DNA hata kidogo. Linasema tu kwamba alikuwa mwanasayansi, na kwamba uchunguzi wake wa virusi unaendelea kuwafaa wanadamu. Niliposoma hivyo hasira yangu ilipungua. Sikusahau kwamba picha yake ilionyeshwa bila ruhusa, wala sisemi kwamba lilikuwa jambo dogo. Lakini nilitambua kwamba watu tunayakumbuka zaidi yale aliyonyang'anywa kuliko yale aliyotuachia.

Yako wapi basi aliyotuachia? Nilirudi kwa mwalimu na swali moja. Ikiwa seli haina njia ya kulitambua agizo la adui, kwa nini mimea yote ya dunia haijakufa? Mwalimu alifurahi, akaniambia kwamba swali hilo wataalamu walilikaribia mwaka 1928, halafu likakaa miaka 70 bila jibu. Mwaka huo, katika jimbo la Virginia, Marekani, Bwana S. A. Wingard aliwaonyesha watu tumbaku yenye ugonjwa wa kirusi kingine, kile cha madoa ya pete. Majani ya chini yalikuwa na madoa mabaya, lakini majani ya juu, yaliyochipua baadaye, yalikuwa safi. Tena alipoyapaka ugonjwa ule ule, hayakuugua. Ilikuwa kama kwamba majani ya chini yameyapelekea habari majani ya juu.

Jibu lilipatikana mwishoni mwa karne. Mwaka 1998 Bwana Andrew Fire na Bwana Craig Mello wa Marekani walionyesha, katika mnyoo mdogo sana, kwamba RNA yenye nyuzi mbili zilizoshikamana huweza kuinyamazisha jeni, yaani kulizuia agizo lake lisitekelezwe. Walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2006. Mwaka 1999, huko Uingereza, Bwana Andrew Hamilton na Bwana David Baulcombe waliviona ndani ya mimea vipande vifupi vya RNA vinavyoifanya kazi hiyo.

Kumbuka sasa ule muhuri na nakala yake. Kirusi kinapojinakili, uzi wa kwanza na uzi wa kinyume hulala pamoja, ukawa uzi maradufu. Maagizo ya kawaida ya mmea ni uzi mmoja mmoja. Basi hapo ndipo mgeni anapojulikana: haonekani anapoingia mlangoni, huonekana anapojizidisha. Mmea una protini ifanyayo kazi kama mkasi. Mkasi huo huukata uzi maradufu vipande vipande, vingi vyake vyenye urefu wa herufi 21 hadi 24. Protini nyingine hukichukua kipande kimoja, ikakishika kama askari ashikavyo picha ya mwizi, ikazunguka ndani ya seli. Ikikutana na uzi wenye herufi zinazolingana na picha, huukata. Na zaidi ya hayo, habari hiyo hupita kutoka seli hadi seli, na kupanda na utomvu mpaka kwenye majani machanga. Kwa hiyo kirusi kikifika huko kinakuta askari wamekwisha kupewa picha. Hiyo ndiyo siri ya majani safi ya Bwana Wingard.

Lakini adui naye hakulala. Mwaka huo huo wa 1998 iligunduliwa kwamba virusi vingi vina protini ya kuuvuruga ulinzi huo. Nyingine huvikamata vipande vifupi kabla havijawafikia askari, kama mwizi azikusanyaye picha zake zote barabarani. Katika kirusi cha tumbaku alichokichunguza Bibi Franklin, kazi hiyo hufanywa na protini iliyo sehemu ya kile kimeng'enya cha kunakili: mwenye kuandika ndiye mwenye kuficha. Virusi vya michirizi kahawia navyo vina uzi wa RNA, wenye herufi 9,000 hivi, na vina protini ya namna hiyo. Basi ndani ya kila shina la muhogo wa babu kulikuwa na vita ambavyo sisi hatukuviona, na mahali pengi muhogo ulishindwa.

Naomba nisieleweke vibaya. Batobato la mihogo, ambalo wengi wetu tunalijua kwa majani yake yaliyojikunja, ni ugonjwa mwingine, na virusi vyake vina DNA. Watu huyachanganya magonjwa haya mawili. Yote mawili huenezwa na nzi weupe, na yote mawili huenezwa na sisi wenyewe tunapokata vipando kwenye shina lenye ugonjwa na kuwapa jirani zetu.

Wataalamu wa leo wanajaribu kuutumia ulinzi wa mmea wenyewe. Wanauwekea muhogo kipande cha maandishi ya kirusi, ili mmea utengeneze picha za mwizi kabla mwizi hajafika. Mwaka 2021 mamlaka inayohusika nchini Kenya iliidhinisha ombi la kuutoa muhogo wa namna hiyo katika mazingira ya wazi. Wako wanaoliunga mkono jambo hilo na wako wanaolitilia shaka, nami si bingwa wa kuamua. Lakini naona wazi kwamba hakuna ambaye angeweza hata kulianza kama watu wasingekuwa wamejua kwanza kwamba kirusi ni barua ndani ya bahasha.

Ndugu zangu wanafunzi, Bibi Franklin alichunguza makaa, kisha majani ya tumbaku yenye ugonjwa. Hakuna kati ya vitu hivyo kinachoonekana kuwa na heshima. Hakujua kwamba miaka 40 baada ya kufa kwake watu wangegundua vita vya nyuzi ndani ya majani, wala kwamba habari hiyo ingewafaa wakulima wa muhogo. Alipima tu kilichokuwa mbele yake, akapima tena, na akakataa kusema zaidi ya kile kilichoonekana kwenye filamu. Kazi ya namna hiyo humfaa mtu asiyejulikana, mahali pasipojulikana.

Likizo iliyopita nilikwenda tena kwa babu. Nilimchorea mchangani kwa kijiti: hiki ndicho kirusi, huu ndio uzi, hapa ndipo mkasi unapokata. Nilimweleza pia kwamba ni vema kuchukua vipando safi kwa bwana shamba, na ikiwa havikupatikana, basi tusikate kipando kwenye shina lolote kabla ya kuyatazama majani yake ya chini na kuipasua mihogo yake. Nilimwambia na kwamba mtu aliyeonyesha mahali ulipo uzi ule alikuwa mwanamke, aliyekufa kijana. Babu aliutazama mchoro muda mrefu bila ya kusema neno. Kisha akachukua panga lake, akaenda shambani peke yake, nami nilimwona akiinama kwenye kila shina, akiyageuza majani ya chini moja moja.

Mwanafunzi, Kidato cha Tano